Gita la Babu: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Msichana aliyezaliwa Gatwekera, Kibera, na kulelewa na babu na nyanya yake Kawangware, amepata nafasi ya kuimba nyimbo za kantri katika baa moja kando ya Barabara ya Ngong. SASA ENDELEA...

"Wateja wangu wamezoea Jim Reeves na Don Williams," meneja alimwonya. "Usiniletee mambo ya matanga."

Msichana alimjua Jim Reeves kabla hajajua kusoma. Babu alikuwa soja wa usiku Lavington, na jioni akivaa kabuti lake, redio ilikuwa kwenye Sundowner ya KBC. Alfajiri akirudi, kabla ya kulala, alimfunza gita. Alimfunza omutibo, mtindo wa Khwisero uliomvumisha George Mukabi kabla hajafa mwaka 1963: kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinachuna wimbo, na mwenzako anagonga chupa ya Fanta. Chupa ilikuwa kazi ya Kukhu, nyanya yake.

Wanaosema msichana kama huyu anaiga Wamarekani hawamtendei haki. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Jimmie Rodgers, nyota wa kantri wa Marekani, kwa ndimi zao Chemirocha. Muziki huu una wenyeji hapa tangu zamani.

Wimbo wa kwanza aliuimba alivyoagizwa. Watu wakaendelea na nyama choma yao. Wa pili aliutunga mwenyewe, wa mama yake na meza ya mitumba pale soko la Toi, akaupiga kwa mkono wa omutibo. Mazungumzo yakakatika, meza moja baada ya nyingine. Katika ubeti wa pili mzee mmoja akainuka na mkongojo wake, akaja hadi mbele.

"Mjukuu wangu, hebu geuza hilo gita."

Akageuza. Mzee akapapasa herufi mbili zilizochongwa kwa kisu, zile ambazo Babu hakukubali kamwe kuzieleza.

"Hizi nilichonga mimi. Gita hili lilinipotea steji ya Machakos, nikishuka basi la Kakamega. Babu yako anaitwa nani?"

Simu ikatetemeka mfukoni. Ni Kukhu.

"Uko na gita?"

"Niko nalo, Kukhu."

"Usimtajie mtu jina la babu yako. Na usirudi Kawangware usiku huu. Askari wako hapa mlangoni, na babu yako ameshakiri jambo ambalo hakulifanya."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO