Utafiti wa kitaaluma Arusha na Meru

Utafiti wa kitaaluma Arusha na Meru hujumuisha kazi za sayansi, historia, sheria na sera zinazofanyika jijini Arusha na kandokando ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania.

Sayansi. Suala kuu ni maji. Miamba ya volkano huyatia maji ya chemchemi na visima floridi nyingi, ambayo huacha madoa ya kahawia kwenye meno na, ikizidi, hupindisha mifupa ya watoto. Kituo cha Ngurdoto kimechunguza namna ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Taasisi ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa Tengeru mwaka 2012, huendeleza kazi hiyo. Mhadhiri wake, Askwar Hilonga, alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015 kwa chujio la maji. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian hutafiti mazao, yakiwemo maharage na ngano. Taasisi ya TAWIRI hutafiti wanyamapori.

Historia. Kesi ya Ardhi ya Wameru, waliofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, ni mada kuu. Kirilo Japhet, aliyeifikisha Umoja wa Mataifa mwaka 1952, aliandika kitabu kuihusu pamoja na mwanasheria Earle Seaton.

Sheria na sera. Kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyofungwa mwaka 2015, zimehifadhiwa Lakilaki, Arusha. Wanasheria huzitumia kuchunguza hukumu ya mahakama hiyo ya mwaka 1998 dhidi ya mshtakiwa Akayesu, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Taasisi ya usimamizi ya ESAMI hushughulikia uongozi na utawala wa umma.