Kura ya Katanga mwaka 2006: Kolwezi ilivyomchagua Kabila

Jumapili ya tarehe 29 Oktoba 2006, jimbo la Katanga lilimpa Joseph Kabila zaidi ya kura tisa katika kila kumi zilizopigwa. Hiyo ilikuwa duru ya pili ya uchaguzi wa rais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi nzima alipata asilimia 58.05, na mpinzani wake Jean-Pierre Bemba asilimia 41.95. Wakati huo Kolwezi na migodi yake bado ilikuwa ndani ya Katanga, chini ya makao makuu yake, Lubumbashi.

Wazee walizijua kura za namna nyingine. Mwaka 1970 Rais Mobutu aligombea peke yake: karatasi ya kijani kumkubali, nyekundu kumkataa. Waliomkataa walitangazwa kuwa 157 tu nchi nzima. Safari hii, katika duru ya kwanza ya Julai, karatasi ya urais ilikuwa na picha za wagombea 33. Kura zilihesabiwa usiku huohuo kituoni, mbele ya mashahidi wa vyama, kwa mwanga wa taa za kubebwa.

Kwa nini Katanga ilielemea upande mmoja? Kwanza, baba yake Kabila, Laurent-Désiré, alikuwa mtu wa Katanga, na mwanawe alizungumza Kiswahili. Mashariki ilimhesabu kuwa wake, huku Kinshasa na Équateur zikisimama na Bemba. Pili, vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi, na watu walitaka visirudi. Tatu, maelfu ya wenye asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa Kolwezi mwaka 1992 na 1993, wengi wao wakiunga mkono chama cha UDPS cha Étienne Tshisekedi. Chama hicho chenyewe kilisusia uchaguzi wa 2006, hivyo upinzani ulibaki na kura chache huko.

Njaa nayo ilikuwa na sauti. Mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ulibomoka mwaka 1990, na kuanzia 2003 kampuni ya migodi ya serikali, Gécamines, iliwaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000. Wengi waliishia mashimoni, wakichimba kwa sururu na kubeba magunia mgongoni. Kwa watu hao, kura ilikuwa ombi la kazi.

Walipata nini? Katiba ya Februari 2006 iliagiza majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakikatwa palepale yanapokusanywa. Agizo hilo halikutekelezwa. Mkataba wa Sicomines na kampuni za China, uliohusu shaba ya Kolwezi, ulitiwa saini mwaka 2008. Lualaba, ilimo Kolwezi, ikawa jimbo kamili mwaka 2015 tu, Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne.

Mgombea habembelezi kura aliyokwisha kuihesabu mfukoni. Katanga ilitoa karibu kura zake zote kwa mkupuo bila kudai ahadi iliyoandikwa, na Kinshasa haikuona sababu ya kuilipa. Anayeomba kura Lualaba leo aulizwe kwanza habari za ile asilimia 40.