Maua ya Sebuleni ni ya Kwetu, na Historia Yake Ndiyo Itakuambia Jinsi ya Kuyatunza

Wasee, leo tuongee maua. Huku Keumbu mmea wowote ulio kwenye chungu tunauita "maua", hata kama haujawahi kutoa ua hata moja. Halafu kuna hii imani kwamba kuweka mmea ndani ya nyumba ni mambo ya wazungu. Mimi napinga. Baadhi ya mimea inayouzwa Nairobi kwa bei ya kukutoa jasho asili yake ni misitu na miamba ya Afrika Mashariki. Na ukijua ulitoka mazingira gani, tayari unajua nusu ya kazi ya kuutunza.

Tuanze na ZZ, ile yenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Jina lake kamili ni Zamioculcas zamiifolia. Porini inamea kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na pwani yetu ni nyumbani kwake. Familia ya Loddiges, waliokuwa wanauza mimea London, waliiandika kwenye vitabu vyao mwaka 1829. Baada ya hapo ikakaa bila umaarufu zaidi ya miaka 150, mpaka wakulima wa Uholanzi walipoanza kuizalisha kwa wingi mnamo 1996 hivi. Hapo ndipo ikaingia kwa ofisi na hoteli. Yaani mmea wa pwani umezunguka Ulaya, ukarudi na bei mpya.

Hadithi ya pili inauma zaidi. Mwaka 1892, Tanganyika ikiwa chini ya Wajerumani, afisa mmoja wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau kwenye milima ya Usambara. Akamtumia babake Ujerumani. Babake akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, naye mwaka 1893 akaliita Saintpaulia ionantha, kwa jina la familia ya huyo afisa. Kampuni za mbegu zikalichukua, na kufikia miaka ya 1920 lilikuwa linazalishwa Los Angeles. Leo limejaa madirisha ya mabibi wa Ulaya na Marekani.

Cheki vile majina yanafanya kazi. Washambaa waliishi na hilo ua vizazi na vizazi, lakini jina la kitaalamu likaenda kwa afisa wa mkoloni. Angalau Wajerumani wenyewe hulitaja mpaka leo kwa jina la Usambara. Mkataba wa Nagoya, unaotaka nchi zilikotoka mimea zigawiwe faida, ulipitishwa 2010. Hiyo ni miaka 118 baada ya ua kusafiri.

Sasa turudi Keumbu. Kisii mjini penyewe pako karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukishika barabara ya Keroka unazidi kupanda. Mvua ya huku inapita milimita 1,500 kwa mwaka. Asubuhi jua, mchana mawingu, jioni mabati yanapigwa. Keja nyingi zina dirisha moja na pazia zito. Kwa hivyo usichague mmea kwa sababu umeupenda kwa simu. Uliza kwanza: kwao kukoje?

ZZ kwao kuna kiangazi. Chini ya udongo ina viazi vinavyoweka maji, na kivuli inavumilia. Huku kwetu kwenye baridi na unyevu, haitakufa kwa kiu, itaoza kwa kupendwa sana. Ngoja udongo ukauke kabisa ndio umwagilie. Pia iweke mbali na watoto, kwa sababu ukiitafuna inawasha mdomo.

Sansevieria, ile yenye majani yaliyosimama kama panga, ni hivyo hivyo. Ile ya milia inayouzwa sana asili yake ni Afrika Magharibi, lakini ndugu zake wako hapa. Bonde la Oldupai kule Tanzania limepata jina kutoka kwa neno la Kimaasai la ndugu yake mmoja. Huo ni mmea wa nchi kavu. Usiugeuze kuwa mpunga.

Ua la Usambara nalo kwao ni kivuli cha msitu, ukungu na mawe yenye unyevu. Hili ndilo linafanana na Keumbu, isipokuwa usiku wetu una baridi kidogo. Liweke karibu na dirisha lenye mwanga lakini jua lisilipige moja kwa moja, na usiku ulisogeze mbali na kioo. Usilimwagie maji baridi juu ya majani, yataacha madoa. Mimina maji kwa sahani chini ya chungu, yapande yenyewe. Chungu si lazima ununue. Kopo la rangi lililooshwa vizuri na kutobolewa chini linatosha. Hata ukipata chombo kizuri cha mawe ya Tabaka, bila tundu ni kaburi la mizizi.

Kuna jambo kubwa kuliko urembo hapa. Misitu ya Usambara imekatwa sana kupisha chai na mashamba. Kwenye vilima vya Taita, hapa hapa Kenya, kuna ndugu wa ua hilo anayemea Mbololo peke yake, pengine popote duniani hayupo. Msitu ule ukiisha, porini ameisha. Kwa hivyo usinunue mmea uliong'olewa msituni, na ukitembea huko using'oe.

Tena hakuna haja. ZZ na ua la Usambara vyote huota kutoka kwa jani. Omba jani moja kwa mwenye mmea, lichomeke kwenye udongo mwepesi, kisha uwe na subira. La Usambara litachukua wiki kadhaa, ZZ miezi mingi. Likikua, mpe jirani jani lingine. Safari hii mmea usambae bila kupitia Uholanzi.