Nishati Huru Si Nishati ya Bure

Wapenzi wa Kiswahili, hebu tulitazame neno moja la kemia: nishati huru. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyefungwa. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo. Sharti uchague: ni nishati ya bure au ni nishati huru?

Historia inatupa jibu. Kati ya 1875 na 1878, Josiah Willard Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alichapisha kazi ndefu kuhusu msawazo wa dutu. Yeye mwenyewe hakutumia jina hili. Ni Mjerumani Hermann von Helmholtz aliyezungumzia nishati huru mwaka 1882, akiitofautisha na ile iliyofungwa. Kwa hivyo, maana iliyokusudiwa ni sehemu ya nishati isiyofungwa, inayoweza kufanya kazi. Bure haimo kabisa.

Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua badiliko la entalpia, yaani joto linaloingia au kutoka. Toa zao la halijoto na badiliko la entropia, yaani kutawanyika kwa nishati. Jibu likiwa hasi, mmenyuko unaweza kujiendea. Likiwa chanya, hauendi mpaka usukumwe.

Twendeni sasa Migori, Thimlich Ohinga, boma la mawe lililojengwa bila saruji wala udongo, ambalo UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Miongoni mwa mabaki yake yamo ya kazi ya uhunzi. Tena, majembe ya wahunzi wa Samia yaliuzwa kote katika nchi ya Waluo. Wahunzi hao walifanya nini hasa?

Tuandike hesabu yao. Oksidi ya chuma na makaa hutoa chuma na hewa ya ukaa. Kwa kila moli mbili za oksidi, entalpia hupanda kwa takriban kilojuli 468, na entropia kwa takriban kilojuli 0.559 kwa kila kelvini. Kwenye nyuzi 25 za selsiasi, yaani kelvini 298, tunapata 468 toa 167: chanya 301. Ndiyo maana udongo mwekundu ukichanganywa na makaa na kuachwa juani hautoi jembe. Lakini gawanya 468 kwa 0.559, upate kelvini 837, yaani takriban nyuzi 564. Hapo ishara inageuka. Mivukuto ilikuwa na kazi ya kulivusha tanuri mpaka huo, tena mbali, kwani hesabu hii inasema kinachowezekana, haisemi kitachukua muda gani.

Mawe ya chokaa ya Milima ya Homa, kaunti ya Homa Bay, yana mpaka wao pia: karibu nyuzi 840 ndipo chokaa huanza kuachana vizuri na hewa yake. Dhahabu ya Macalder, kwa upande mwingine, hukutwa mwambani ikiwa metali tayari, maana kuungana kwake na oksijeni kuna jibu chanya. Chuma hushika kutu, dhahabu haishiki.

Je, haya yana uzito gani kwetu? Mwaka 1990, TUKI ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Istilahi basi si tatizo. Tatizo ni kwamba mwanafunzi wa Migori hukariri kanuni ya Gibbs kwa Kiingereza, afaulu mtihani, kisha apite kando ya Thimlich Ohinga asijue kwamba hesabu yake inahusu mawe yale. Nao wachimbaji wadogo wanaochanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, nani amewaeleza mmenyuko huo kwa lugha wanayoielewa?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mhunzi alilipa kwa makaa, jasho na mivukuto. Nishati ilikuwa huru, bure haikuwa.