Gadi na Deheni

Msomaji, yamkini hujapata kuona bahari. Kama u mtoto wa Leparua, katika nchi kavu ya Isiolo, mto uujuao ni Ewaso Nyiro, nao ni mto wa ajabu kidogo, kwani hushuka kutoka nyanda za juu kwa nguvu nyingi, kisha huchoka njiani ukatawanyika katika vinamasi vya Lorian. Maji yake aghalabu hayafiki pwani. Hata hivyo nataka ufuatane nami hadi Lamu na Mombasa ya zamani, kwa kuwa liko jambo moja la mabaharia ambalo wewe, uliyelelewa kati ya ng'ombe na ngamia, utalifahamu upesi kuliko mtoto wa mjini. Jambo lenyewe ni mafuta ya mnyama.

Vitabu vya historia hupenda kutusimulia safari za vyombo: nani alikuwa nahodha, shehena gani ilipakiwa, na faida iliyopatikana. Ni nadra kutuambia kwamba chombo cha mbao huanza kuliwa siku ile ile kinaposhushwa majini. Katika bahari yetu ya joto yumo kiumbe mwororo mfano wa mnyoo, ingawa kwa kweli ni jamaa ya chaza. Huingia katika ubao angali mdogo sana, hata tundu lake ni shida kuliona. Kisha hukua humo ndani, akichimba na kula. Ubao huonekana mzima kwa nje, kumbe ndani umekuwa kama sega la nyuki. Jahazi la namna hiyo likipigwa na wimbi kubwa hapana dua itakayoliziba.

Basi wazee wa pwani walifanyaje? Walingoja bamvua, yaani zile siku za mwezi mpya au mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Maji yalipojaa walikisogeza chombo juu pwani kadiri walivyoweza. Yalipokupwa kikabaki mchangani, kimetiwa gadi, ndizo nguzo za kukitegemeza kisilale ubavu. Hapo kazi ilianza kwa haraka, maana bahari ilikuwa na saa zake za kurudi. Wengine walikwangua chaza na majani ya baharini; wengine waliwasha makuti makavu wakapitisha moto chini ya chombo kuwaua wadudu, wakiangalia sana wasiuunguze ubao wenyewe. Mafundi wa kalafati walipitia kila kiungo cha mbao, wakashindilia pamba iliyolowa mafuta kwa patasi na nyundo. Mwisho ilipakwa deheni.

Deheni ni chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, ya ng'ombe, ya kondoo au ya ngamia. Chokaa ilipatikana pale pale pwani kwa kuchoma matumbawe. Ikichanganywa na mafuta yaliyoyeyushwa, huwa uji mzito mweupe, nao ukikauka hugeuka ganda gumu ambalo mdudu yule hulipenya kwa taabu. Mbao zilizo juu ya maji zilipakwa kitu kingine, sifa, ambayo ni mafuta ya papa. Huyazuia mbao zisipasuke kwa jua, lakini harufu yake! Wageni waliosafiri katika majahazi hawakuisahau kamwe. Wala deheni haidumu. Baada ya miezi michache hubanduka, na kazi yote huanza upya.

Hapa ndipo ilipokuwa hatari ya biashara nzima. Vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi vilikuja kwetu na kaskazi, upepo uvumao takriban toka Desemba hadi Machi, vikileta tende na samaki wakavu. Vikarudi kwao na kusi, vikichukua boriti za mikoko na pembe za ndovu. Kusi huanza mwezi wa Aprili kwa upole, lakini ifikapo Juni bahari ya Arabuni huwa imechafuka, na bandari nyingi za huko hazifikiki. Nahodha aliyechelewa kupandisha chombo chake gadi alikuwa na njia mbili tu: kuondoka na mbao asizoziamini, au kungoja hadi bahari itulie karibu na Septemba, huku mabaharia wake wakila na faida ikiisha.

Na kazi hii ilihitaji mikono mingi. Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498, alipokuwa akirudi kwao mwezi wa Januari 1499 aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwa sababu mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi na waliosalia hawakutosha kuziendesha zote.

Katika pwani yetu, mikono hiyo ilikuwa ya nani? Ni haki ulijue hili. Katika karne ya 19 wengi wa waliofua maji ngamani usiku kucha, na waliokwangua na kupaka, walikuwa watumwa, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa mabwana zao. Sultani Barghash alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari mwaka 1873. Lakini utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria mpaka 1897 huko Unguja na Pemba, na 1907 katika pwani ya Kenya. Majina ya manahodha kadhaa tunayo. Ya wafua maji hatunayo.

Chombo kilichotaka mikono mingi kuliko vyote ni mtepe wa visiwa vya Lamu. Mtepe haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Ushonaji huo ni wa kale mno, kwani Mgiriki mmoja wa karne ya kwanza aliandika juu ya vyombo vilivyoshonwa katika pwani hii. Sifa yake ilikuwa ulaini: ulipogusa mwamba ulinesa, pale ambapo chombo cha misumari kingevunjika. Lakini ulivuja daima, na kamba zilipochakaa ilibidi ufumuliwe na kushonwa tena. Kazi ya mikono ilipoanza kulipwa, wenye mali wakachagua misumari. Hivyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mtepe ukatoweka baharini.

Siku hizi meli zinazokokota nyavu za kamba katika ghuba ya Ungwana zina mwili wa chuma. Mdudu hawezi kuzila, ila kutu inaweza; kwa hiyo mafundi hufunga chini yake vipande vya zinki ili bahari ile zinki kwanza. Lakini huko Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, majahazi ya mbao yangali yakiundwa, na bamvua ikifika utaviona vyombo vimesimama mchangani juu ya gadi zao, na watu wameinama chini yake wakikwangua upesi kabla maji hayajarudi.