Kizaramo, Lugha ya Wenye Mji

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya lugha ambayo sisi wakazi wa Dar es Salaam tunakanyaga ardhi yake kila siku bila kuisikia. Nayo ni Kizaramo.

Kabla Sultani Majid wa Unguja hajaanza kujenga mji wake hapa katika miaka ya 1860, palikuwa na kijiji cha Mzizima, na nyuma yake, kuelekea Pugu, Kisarawe na Maneromango, ilikuwa Uzaramo. Wajerumani wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Waingereza nao, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na midomo yetu ikaifanya Kariakoo. Miaka yote hiyo Wazaramo walikuwapo. Leslie, ofisa wa Kiingereza aliyeuchunguza mji huu katika miaka ya 1950, aliwakuta bado ndio kabila kubwa kuliko yote mjini.

Sasa pita sokoni Kariakoo leo. Utasikia Kichaga kikisemwa kwa sauti dukani, utasikia Kikinga. Kizaramo utakisikia kwa nadra, tena baina ya wazee wawili.

Wako wanaosema eti Kizaramo ni Kiswahili kilichopinda. La hasha! Ni ndugu wa Kikwere, Kikutu, Kikami na Kiluguru, chenye sarufi yake, na Mjerumani Carl Meinhof alikwisha chapisha maandishi juu yake mwaka 1907. Lakini ujirani na pwani ulikiponza. Mzaramo aliyesilimu, akafanya biashara na kuoa mjini, alikuta Kiswahili mlangoni pake. Aliyetoka mbali alirudi kwao likizo akakuta lugha yake. Mzaramo likizo yake aende wapi, na kwao ndiyo hapa?

Huko Amerika ya Kaskazini, Waojibwe walinyang'anywa lugha yao kwa nguvu. Watoto walipelekwa shule za bweni wakaadhibiwa kwa kuisema. Mwaka 2000, katika jimbo la Wisconsin, walifungua shule iitwayo Waadookodaading, ambako masomo hufundishwa kwa Kiojibwe. Aliyenyang'anywa hujua alichopoteza na hukidai. Kizaramo kimetutoka polepole, na hakuna wa kumdai.

Kilichobaki kimejificha katika ngoma. Mdundiko ukipita Buguruni au Ilala, watoto huufuata mpaka wapotee (na mama zao huwasaka hadi usiku), lakini maneno hawayajui. Kwenye unyago ndiko lugha ilikokaa zaidi. Mwali hupelekwa chini ya mti wa mkole, naye katika kufundwa kwake alikuwa na mwana hiti, kile kisanamu cha mti chenye kichwa cha mwanamke, ambacho siku hizi watalii hukitazama makumbusho. Elimu ya ndoa, uzazi, heshima kwa wakwe, yote iliwekwa katika nyimbo, na nyimbo hizo ni za Kizaramo.

Serikali haikunyamaza kabisa. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitaja lugha za makabila kuwa hazina, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mradi wa Lugha za Tanzania mwaka 2001, ukatoa atlasi mwaka 2009. Lakini sisi watangazaji kanuni zetu zinataka Kiswahili au Kiingereza. Naielewa sababu yake, maana umoja wa taifa hili si mchezo. Hata hivyo sioni nusu saa ya nyimbo za wazee wa Maneromango, zikifuatiwa na maelezo kwa Kiswahili, ingemgombanisha nani na nani.

Makungwi ninaowafahamu Buguruni wamekwisha anza kuzigeuza baadhi ya nyimbo kuwa za Kiswahili, ili mwali aelewe anachofundwa. Zipo wasizoweza kuzigeuza. Hizo huziimba kama zilivyo, naye mwali huitikia tu.