Cheti Kabla ya Huduma: Fedha za Umma na Mashirika ya Jamii Kusini mwa Maniema

Ukiuliza leo Kasongo au Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, ni nani anayeendesha shule ya msingi, kituo cha afya au darasa la ushonaji la wasichana, mara nyingi utatajiwa jina la parokia, la jumuiya ya Kiprotestanti, la msikiti, au la shirika dogo lisilo la faida ambalo kila mtu hapo huliita ASBL. Serikali hutajwa mwisho, na mara nyingi hutajwa kama mlipaji aliyechelewa. Wengi huona hali hii ni matokeo ya kuporomoka kwa Zaire na ya vita vilivyofuata: serikali ilianguka, mashirika yakajaza pengo. Maelezo hayo yana ukweli kiasi, lakini yanaanza hadithi katikati. Kusini mwa Maniema huduma za jamii zilikabidhiwa mikono isiyo ya serikali tangu mwanzo wa dola ya kikoloni, kwa makusudi na kwa maandishi, na fedha au mali ya umma ikafuata. Hoja yangu ni kwamba fedha hiyo, kwa zaidi ya miaka mia moja, imefuata utambulisho wa kisheria wa anayepewa kuliko kazi anayoifanya kwa watu. Kasongo ndipo mahali pazuri zaidi pa kulitazama jambo hili, kwa sababu hapa jamii kubwa na ya zamani ya Waislamu ilikaa nje ya mlango wa fedha hiyo karibu enzi yote ya ukoloni.

Wapo wanaopenda kuanzia nyuma zaidi, wakati wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, wakisema kwamba mji wa Kiswahili wa Kasongo ulikuwa na walimu wake, zaka yake na utaratibu wake wa kuwatunza wageni na maskini. Sikatai kwamba vitu hivyo vilikuwepo. Lakini Kasongo ile ya kale, ambayo mabaki yake yanaitwa Tongoni, ililishwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa, na Kabambare ilikuwa kituo cha misafara ya pembe na watu. Mfumo wa hisani unaosimama juu ya utumwa si kielelezo cha kurudia. Tunalohitaji kukumbuka ni hili tu: majeshi ya kamanda wa Kibelgiji Dhanis yalipoingia Kasongo mwezi wa Aprili 1893, hayakukuta watu wasiojua shule wala jumuiya. Yalikuta mji wenye watu wanaosoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na watawala wapya wakaamua kwamba elimu hiyo haihesabiki.

Uamuzi wenyewe ulipata umbo la mkataba tarehe 26 Mei 1906, kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani. Inafaa kuusoma taratibu, maana ndio mzazi wa ruzuku zote zilizokuja baadaye. Dola iliahidi kuyapa mashirika ya kimisionari ya Kikatoliki ardhi ya hekta 100 hadi 200 kwa kila kituo, bila malipo na milele. Nayo misheni ingefungua shule pale inapowezekana, ratiba ya masomo ingepelekwa kwa Gavana Mkuu, na lugha za taifa la Ubelgiji zingekuwa sehemu ya lazima ya mafundisho. Gavana aliweza pia kuwaomba wamisionari kazi maalumu za kisayansi, za jiografia, lugha na mila, kwa malipo. Angalia jinsi mambo yalivyopangwa. Mali ya umma inatolewa kwanza, tena isiyorudishwa. Huduma inaahidiwa kwa kadiri itakavyowezekana. Hakuna mahali panapoulizwa ni watoto wangapi watafundishwa, wala ardhi hiyo ilikuwa ya nani kabla ya kutolewa. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadri Weupe walipojenga Kasongo na kandokando yake, walijenga juu ya msingi huo.

Kutoka ardhi serikali ilipita kwenye fedha. Katikati ya miaka ya 1920 iliandaa utaratibu wa shule zinazopewa ruzuku: serikali ingelipa, misheni ingefundisha, mkaguzi angepita. Lakini ruzuku ilitengewa misheni zilizoitwa za kitaifa, maana yake za Kibelgiji, na kwa vitendo Katoliki. Mtetezi wa mpango huo atasema mara moja: fedha ilikwenda kwa wenye uwezo. Mapadri na masista walikuwa na walimu, majengo, nidhamu ya hesabu, na makao makuu Ulaya yaliyoweza kuwajibika. Mwalimu wa Kurani chini ya mwembe hakuwa na lolote kati ya hayo. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Linajibiwa, hata hivyo, na hali ya Waprotestanti. Misheni za Kiprotestanti katika Kongo nzima zilikuwa na hospitali, mitambo ya uchapishaji, shule na madaktari wenye digrii, na uwezo wao haukuwa na shaka. Bado hazikupata ruzuku ya shule mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu wengi wa wamisionari wao walikuwa Waingereza, Wamarekani na Waskandinavia. Kama kigezo kingekuwa uwezo, wasingengoja zaidi ya miaka 20. Kigezo kilikuwa cheti. Na uwezo wenyewe, tukumbuke, hauanguki kutoka mbinguni: anayepewa hekta 200 mwaka wa kwanza ana shamba, matofali na mapato mwaka wa kumi.

Kwa Waislamu wa Kasongo na Kabambare matokeo yalikuwa makubwa kuliko kunyimwa pesa. Shule yenye ruzuku ilikuwa shule ya katekisimu. Wazazi wengi Waislamu waliogopa kwamba mtoto atakayeingia na jina la Ramadhani atatoka na jina la Robert, wakaamua kumweka nyumbani au madrasani. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni, kwa kuwa ubatizo ulikuwa lengo lililotangazwa wazi na wenye shule. Armand Abel, mtaalamu wa Kibelgiji wa mambo ya Kiislamu, alichapisha mwaka 1960 uchunguzi wake juu ya Waislamu weusi wa Maniema, na picha inayotokea ni ya jamii iliyojifunga, yenye umoja na heshima zake, lakini iliyo mbali na ofisi, hospitali na karatasi za dola. Uhuru ulipofika mwaka huohuo, makarani, wauguzi na walimu wa eneo walitoka zaidi upande uliokuwa umesomeshwa kwa ruzuku. Baadaye ilisemwa kwamba Waislamu wa Maniema hawakupenda shule. Kauli hiyo inageuza sababu kuwa kosa la aliyeumizwa.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa mfumo ule hawalitaji. Fedha iliyolipwa kwa misheni haikuwa sadaka ya Brussels peke yake. Kodi ya kichwa ililipwa na kila mwanamume mzima, Mwislamu, Mkatoliki au mfuasi wa mizimu, na tangu miaka ya Vita vya Kwanza Maniema ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya pamba ya lazima. Agizo la Desemba 1933 lilizipa shefferi na sekta, vitengo vya utawala wa vijijini, hazina zao ndogo, ambazo kwa nadharia zingehudumia watu wa hapo: zahanati, njia, kisima. Kwa vitendo msimamizi wa Kibelgiji ndiye aliyeshika kalamu. Hata Mfuko wa Ustawi wa Wenyeji ulioanzishwa mwaka 1947, ambao ulijenga zahanati, wodi za wazazi na visima vingi vijijini kote Kongo, uliwategemea sana wamisionari waendeshe ulichojenga. Mlipaji alikuwa mkulima wa pamba, lakini hakuwa na mahali pa kuuliza fungu lake limekwenda wapi.

Baada ya uhuru, Rais Mobutu alijaribu kulikata fundo hili kwa kisu. Mwishoni mwa 1974 alizitaifisha shule za makanisa. Haikuchukua muda kuonekana kwamba serikali haiwezi kuziendesha, na tarehe 26 Februari 1977 ilitia saini makubaliano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbanguisti: shule ni za taifa, mishahara inalipwa na serikali, uendeshaji ni wa kanisa. Waislamu, waliokuwa na jumuiya yao ya kitaifa, COMICO, tangu miaka hiyo ya 1970, waliingia katika makubaliano ya aina hiyo baadaye, na hatimaye Kasongo ikapata shule za Kiislamu zenye walimu wanaolipwa na hazina ya taifa. Nalihesabu hili kuwa maendeleo ya kweli. Lakini mlango uliofunguliwa ni uleule: unaingia kwa kuwa dini yako imetambuliwa Kinshasa. Mtaa wa Kasongo usio na mfadhili wa dini, au kijiji cha Kabambare kilichojenga darasa lake kwa udongo na nyasi, bado unahitaji kutafuta jina kubwa la kujificha chini yake ndipo mwalimu apate namba ya mshahara.

Jaribio pekee lililouvunja mtindo huu lilifanyika Kasongo yenyewe, na linajulikana zaidi Antwerp na Geneva kuliko Kindu, makao makuu ya mkoa. Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, kwa msaada wa ushirikiano wa Ubelgiji, ilianza Mradi wa Kasongo. Waanzilishi wake, akiwemo Pierre Mercenier, hawakuuliza kwanza ni nani mwenye cheti. Waliuliza ni watu wangapi wanaishi hapa na ni nani anayewajibika kwao. Kila kituo cha afya kilipewa idadi ya watu wake, kikaweka kumbukumbu zao, na kikawa na kamati iliyotoka kwa wakazi. Mgonjwa hakulipa sindano hii na kidonge kile kimoja kimoja. Alilipa ada moja kwa ugonjwa mmoja, na akirudi kesho kutwa kwa ugonjwa huohuo hakudaiwa tena. Hiyo ni hatua ndogo yenye akili nyingi, kwa sababu muuguzi hapati faida kwa kumwongezea mgonjwa dawa, na mgonjwa haogopi kurudi. Timu ile ilikuwa tayari pia kusema yasiyopendeza: mwaka 1981 ilichapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyotilia shaka kwamba chanjo ya surua peke yake ingepunguza vifo vya watoto kwa kiasi kilichotarajiwa, maana baadhi ya waliookolewa na surua walikufa baadaye kwa mengine. Funzo lilikuwa kwamba kulipia kitu kimoja kinachong'aa si sawa na kulipia huduma ya kila siku. Mtindo huo ulisaidia kuzaa sera ya Zaire ya kuigawa nchi katika zoni 306 za afya, ambamo hospitali ya misheni, ya kampuni au ya serikali iliweza kuwa hospitali kuu ya zoni, mradi iwahudumie watu wote wa zoni hiyo.

Nitaambiwa kwamba huo ulikuwa mradi wa wafadhili, na Ubelgiji ilipokata ushirikiano mwaka 1990 baada ya mauaji ya wanafunzi wa Lubumbashi, mambo yalidhoofika. Ni kweli, na ada ya mgonjwa haiwezi kulipia kila kitu mahali ambapo mkulima hana soko. Hata hivyo zoni hazikufutika. Vita vya 1996 na 1998 vilipopita, mashirika ya misaada yaliyoingia kusini mwa Maniema yalifanya kazi ndani ya ramani ya zoni za afya, kwa sababu hakukuwa na ramani nyingine ya huduma iliyobaki inafahamika kwa wenyeji na wageni pia. Mfumo uliojengwa juu ya idadi ya watu ulidumu kuliko fedha iliyouanzisha. Kwangu hilo ni ushahidi wa kuupendelea, hata kama ni ushahidi wenye majeraha.

Sasa swali limerudi kwa sura mpya, na limerudi Kabambare. Dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila, ilianza kuzalishwa kibiashara mwaka 2016 chini ya kampuni ya Banro. Sheria ya madini ya 2002 ilitenga asilimia 15 ya mrabaha kwa mji au teritwari yenye mgodi. Sheria ya 2018 ikaielekeza asilimia hiyo kwa vyombo vya ugatuzi, ambavyo vijijini ni sekta na shefferi, na ikaongeza mchango wa angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Badiliko hilo lina maana, kwa sababu teritwari, chini ya Katiba ya 2006, ni tawi la serikali kuu lisilo na baraza wala bajeti yake yenyewe. Sekta ndiyo yenye haki ya kuwa na hazina, na kwa karatasi ndiyo ingeweza kulifadhili shirika la hapo linalolea yatima au kuwafundisha wasichana waliozalia nyumbani. Lakini mabaraza ya sekta na shefferi, ambayo wananchi walitakiwa kuyachagua, hayajachaguliwa tangu Katiba hiyo ianze. Shefu wa sekta anapanga na anatumia bila baraza la kumuuliza. Na shirika litakaloomba fungu litaulizwa utu wake wa kisheria, ambao kwa sheria ya Julai 2001 hutolewa na Waziri wa Sheria huko Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kabambare. Likelemba ya akina mama, yaani kikundi cha kuchangiana fedha, inayomlipia mjane jeneza na kumpa mtaji wa chumvi haitapata karatasi hiyo, na pengine haitaiomba.

Wanaotetea karatasi wana hoja yao ya mwisho, nayo ndiyo inayosikika zaidi ofisini: bila utambulisho wa kisheria, fedha itaishia kwa ASBL za mfukoni, mashirika ya mtu mmoja mwenye muhuri na mkoba. Wasiwasi huo ni wa haki, ila unachagua dawa isiyotibu. ASBL ya mfukoni ndiyo hasa yenye karatasi kamili, kwa kuwa mwenyewe anajua njia ya kuipata na ana nauli ya kuifuata. Kinachomsumbua ni kuulizwa hadharani, mbele ya watu wa kijiji, amewahudumia nani na kwa ada gani, maswali ambayo kamati za vituo vya afya vya Kasongo zilikuwa na nafasi ya kuyauliza kabla baadhi ya mashefu wa sekta wa leo hawajazaliwa. Sekta inaweza kuandika sharti hilo katika bajeti yake hata leo. Kukosekana kwa baraza kunalifanya liwe gumu kulitekeleza, lakini hakuna sheria inayolizuia, na hesabu ya mrabaha wa Namoya kwa vyovyote haiwezi kungoja uchaguzi ambao tarehe yake haijapangwa.